Kidonge cha Usingizi na Safari ya Chooni: Namna ya Kumkinga Mgonjwa Asianguke Wodini Usiku

Mgonjwa aliyemeza kidonge cha usingizi huanguka saa nane au saa tisa usiku, mkojo unapomwamsha kabla dawa haijamtoka mwilini, naye akashuka kitandani peke yake gizani kwa miguu ambayo bado imelala. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ninaouandika kwa ajili ya wauguzi wa zamu ya usiku na ndugu wanaouguza wagonjwa wao wodini, una agizo moja kubwa ambalo mengine yote yanalifuata: kidonge cha usingizi kisitolewe mpaka ijulikane mgonjwa huyo atakwendaje haja usiku huo, kwa chombo gani, na nani atakayemshika mkono.

Agizo hilo nilijifunza kwa maumivu ya mtu mwingine. Katika miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi nilikuwa zamu katika wodi ya wanawake, na miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwamo mama mmoja mzee ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, miguu imemvimba hadi magotini. Usingizi ulikuwa umemkataa kwa siku tatu, daktari akamwandikia diazepamu, nami nikampa saa moja jioni pamoja na vidonge vyake vingine, kwa kuwa hiyo ndiyo saa tuliyozoea kugawa dawa. Miongoni mwa hivyo vingine ilikuwamo Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo alipaswa kuimeza asubuhi lakini ilichelewa kutoka dirisha la dawa. Binti yake alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Saa nane usiku nilisikia kishindo, nikakimbia na tochi, nikamkuta mama amekaa sakafuni ameegemea kabati, ndala moja mguuni na nyingine imenasa kwenye pindo la chandarua, mkono wake wa kulia umepinda juu kidogo ya kiganja. Binti alikuwa akilia huku akimuuliza, "Mama, kwa nini hukuniamsha?" Naye akajibu polepole, ulimi ukiwa mzito, "Ulikuwa umechoka, mwanangu."

Mkono uliwekwa plasta ukapona. Mimi nilibaki nikihesabu yale tuliyoyaacha bila kuyafanya: kidonge kilitolewa mapema mno na kikaambatana na dawa ya kukojoza, hakuna aliyemuuliza mama angefikaje chooni, na hakuna aliyemwambia binti kwamba usiku ule mama yake asingekuwa na miguu yake ya kawaida. Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana lilihitaji sentensi moja tu.

Ni dawa zipi zinazohusika

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Watu wengi wakisema "dawa ya usingizi" hukusudia nusukaputi, yaani ile anayopewa mtu kabla ya kupasuliwa. Ndugu akikueleza kwamba mgonjwa "alipewa dawa ya usingizi", muulize ilikuwa sindano ya chumba cha upasuaji au kidonge cha kulalia, na alipewa lini. Hapa ninazungumzia vidonge vya kulalia pamoja na dawa nyingine ambazo kazi yake ni tofauti lakini humlegeza mtu akasinzia.

Iliyo maarufu kuliko zote katika hospitali zetu ni diazepamu, ambayo wagonjwa wengi huiita Valium. Ubaya wake kwa wazee ni kwamba haina haraka ya kuondoka. Kwa kijana wa miaka ishirini, nusu ya dawa hiyo hupungua mwilini kwa muda wa karibu siku moja. Kwa mzee wa miaka themanini kiasi hicho hicho huweza kuchukua zaidi ya siku tatu. Ina maana kwamba mzee anayepewa kidonge kimoja kila usiku kwa siku nne, usiku wa nne hubeba pia mabaki ya siku zilizotangulia, na ndugu hushangaa kumwona akiyumba mchana kweupe ilhali kipimo hakikuongezwa hata chembe.

Zolpidemu, kidonge kingine cha kulalia, hutoka mwilini upesi zaidi, na kwa hiyo wengi hudhani ni salama. Katika kliniki ya Mayo huko Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, madaktari walipitia majalada ya watu wazima waliolazwa mwaka 2010 na kuandikiwa zolpidemu, wakawalinganisha waliopewa na wale ambao waliandikiwa lakini hawakupewa. Miongoni mwa waliopewa, takribani watu 3 katika kila 100 walianguka. Miongoni mwa wasiopewa, hawakufika hata 1 katika 100. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia umri na hali nyingine za wagonjwa. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha zolpidemu ya kawaida kwa wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa mwili wa mwanamke huiondoa polepole na asubuhi bado imo kwenye damu.

Kisha kuna zile zinazoingia bila kubisha hodi. Promethazini, Piriton na dawa nyingine za mzio za kizazi cha zamani hupewa watu kwa ajili ya mafua, kuwashwa au kutapika, na wengine huzinunua duka la dawa makusudi ili walale. Amitriptilini huandikwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa sonona. Hizi zote huleta usingizi, hukausha kinywa, huweza kuzuia mkojo na kumchanganya mzee akili; amitriptilini na promethazini huongeza pia hatari ya presha kushuka ghafla mtu anaposimama. Orodha ya dawa zisizowafaa wazee, iliyoanzishwa na daktari Mark Beers nchini Marekani mwaka 1991 na ambayo sasa huhuishwa na chama cha madaktari wa wazee cha huko, inashauri mtu wa miaka 65 na kuendelea aepushwe na jamii ya diazepamu, na zolpidemu na nduguze, na dawa hizo za mzio pia. Mgonjwa anayepewa morfini au tramadoli kwa maumivu asiongezewe kidonge cha usingizi juu yake bila daktari kujua na kukubali, kwa maana mbali na kuanguka, dawa hizo mbili pamoja huweza kudhoofisha pumzi.

Kabla ya kidonge, uliza kilichomwamsha

Mgonjwa akisema hakulala jana, jambo la kwanza ni kutafuta kilichomnyima usingizi, na mara nyingi hupatikana kwa maswali ya dakika tano. Je, ni maumivu? Basi dawa ya maumivu ndiyo itakayomlaza. Je, hushindwa kupumua akilala chali, akalazimika kuketi? Huyo ni wa kuitiwa daktari usiku huo huo, kwa sababu huenda maji yanajaa mapafuni. Je, huamka kila saa kukojoa? Angalia anapewa Lasix saa ngapi, na uombe ihamishiwe asubuhi, au kama ni mara mbili kwa siku, ya pili isipite saa nane mchana. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, zikitolewa jioni humfanya mtu akodoe macho mpaka alfajiri, nazo pia hufaa kutolewa asubuhi isipokuwa daktari ana sababu nyingine. Mtu aliyekuwa mnywaji wa kila siku na amelazwa ghafla, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho usiku wa pili au wa tatu, ana shida ya kuachishwa pombe, ambayo ni hatari na ina matibabu yake. Ndugu waseme ukweli juu ya pombe bila kuona haya.

Mengine ni madogo lakini yana nguvu: taa inayowaka juu ya kitanda usiku kucha, mbu, baridi, njaa ya mtu aliyekula saa kumi jioni, wasiwasi wa ada ya hospitali na watoto walioachwa nyumbani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, uliweka miongoni mwa matunzo yake kinywaji cha moto, kukandwa mgongo, muziki wa kutuliza na kupunguza kelele za wodi usiku badala ya kukimbilia vidonge. Waliopata matunzo hayo kwa ujumla wake, asilimia 9.9 walichanganyikiwa akili wakiwa hospitalini, na waliohudumiwa kwa kawaida ni asilimia 15. Kikombe cha maziwa ya moto au uji mwepesi, mgongo ukandwe kwa mafuta kidogo, redio ya jirani izimwe: haya ndugu anaweza kuyafanya bila cheti cha mtu yeyote. Uji nao unywewe mapema, saa mbili usiku hivi, ili maji yake yatoke kabla ya kulala, na chai ya rangi iachwe tangu alasiri.

Kidonge kikilazimu

Zipo nyakati ambapo daktari, baada ya kuyapima hayo yote, ataona kidonge kinahitajika, na hapo kazi yetu ni kukitoa kwa akili. Muuguzi amkumbushe daktari umri wa mgonjwa, uzito wake, hali ya ini lake, dawa anazotumia pamoja na zile zilizotoka nyumbani kwenye mkoba, na kama aliwahi kuanguka katika miezi ya karibuni. Aliyekwisha anguka mara moja yuko karibu zaidi kuanguka tena kuliko jirani yake. Kipimo kiwe kidogo kadiri inavyowezekana, kwa mzee aghalabu nusu ya kile cha mtu mzima, na kiandikwe kwa siku zinazohesabika. Maneno "apewe akihitaji" yasiyo na mwisho ndiyo yanayomfanya mtu aliyelazwa kwa nimonia aondoke amezoea dawa.

Saa ya kutoa ina uzito sawa na kipimo. Kidonge kisiingie katika mgawo wa saa moja jioni. Mgonjwa akoge, ale, asali kama husali, aende chooni, arudi, apande kitandani, chandarua kishushwe. Ndipo apewe, saa tatu au nne usiku. Kuanzia hapo asishuke peke yake. Na kidonge kisitolewe saa tisa alfajiri kwa mtu aliyeshindwa kulala, kwa maana atakuwa na ulevi wa dawa saa kumi na mbili, wakati wodi inapodekiwa na sakafu ina maji.

Presha ipimwe mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama kabla ya usiku wa kwanza. Mgonjwa alale dakika tano, upime. Asimame huku ameshikwa, upime baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huyo ataona giza akisimama hata bila kidonge, na daktari aambiwe kabla ya kidonge kutolewa.

Matayarisho ya kitanda hayahitaji fedha nyingi. Kitanda kishushwe hadi chini kama kina mtambo, na breki za magurudumu zikazwe, kisha zijaribiwe kwa kukisukuma. Chupa ya mkojo kwa mwanamume, au beseni la haja kwa mwanamke, viwekwe upande ambao mgonjwa hushukia, na viwe safi, la sivyo atavikataa na kwenda chooni. Wazee wetu wengi huona aibu kujisaidia wodini mbele za watu. Shuka likitundikwa kama pazia hutosha kuondoa aibu hiyo, na ni afadhali kulitafuta mapema kuliko kulitafuta saa nane usiku. Miwani, mkongojo na tochi viwe mahali mkono unapofika bila kujinyosha. Ndala zilizolika soli ziondolewe na atafutiwe viatu vinavyofunika kisigino. Kanga au dera linaloburuta likunjwe au libadilishwe. Mpira wa dripu na mpira wa mkojo upitishwe upande usiokatiza njia, na pindo la chandarua lichomekwe vizuri chini ya godoro.

Kuhusu vyuma vya pembeni ya kitanda, watu wengi huvitegemea kupita kiasi. Kwa mgonjwa mwenye akili timamu vinamsaidia kushika anapojigeuza. Kwa aliyechanganyikiwa ni hatari, kwa sababu hupanda juu yake na kuanguka kutoka mahali pa juu zaidi. Kumfunga mgonjwa kwa kanga kitandani nako nakukataa kabisa: hujinyonga, huchubuka, hupandwa na hasira na kuhangaika zaidi. Kinachofaa ni godoro kuwekwa chini, au mtu kukaa naye.

Sasa ile sentensi moja ambayo binti yule hakuambiwa. Kabla ya kumeza, mwambie mgonjwa mbele ya anayemuuguza: "Bibi, kidonge hiki kitakulegeza miguu. Ukisikia mkojo, mwamshe mjukuu wako au niite mimi. Hutusumbui, ukishuka peke yako ndipo utakapotusumbua." Kisha mgeukie mjukuu umwambie alale akiwa amefunga kamba ya nguo au upindo wa kanga kati ya kifundo chake cha mkono na mkono wa bibi, legelege, ili akivutwa aamke. Njia hiyo nilifundishwa na ndugu wa mgonjwa, na nimeiona ikifanya kazi. Penye wodi ambayo ndugu hawaruhusiwi kulala, muuguzi apange kumwamsha mwenyewe mgonjwa wa namna hii mara moja katikati ya usiku ili akojoe akiwa ameshikwa, na jambo hilo litajwe wakati wa kukabidhiana zamu, kwa jina la mgonjwa na namba ya kitanda.

Namna ya kumwinua

Usimvute mikono. Mgeuze alale ubavu, miguu iteremke huku kiwiliwili kikiinuka, akae ukingoni nyayo zikiwa zimegusa sakafu. Akae hivyo dakika mbili kamili, akichezesha vifundo vya miguu. Muulize jina lake na mahali alipo. Akijibu ovyo au kichwa kikianguka kifuani, haendi popote, ajisaidie hapo hapo. Akiwa macho, simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja umzunguke kiunoni na mwingine ushike kiganja chake. Asimame, ahesabu hadi kumi, ndipo apige hatua. Magoti yakimwishia njiani, usijaribu kumnyanyua hewani kwa nguvu, mtaanguka wote: panua miguu yako, mvute karibu na mwili wako, umteremshe taratibu juu ya paja lako mpaka akae sakafuni. Chooni usimwache. Geuza uso kwa heshima yake, lakini mkono ubaki begani.

Akianza kuzungumza yasiyokuwepo

Mzee aliyekuwa na akili zake mchana, kisha usiku akaanza kuvuta dripu, kumwita marehemu mkewe au kutaka kwenda shambani, amechanganyikiwa kwa ugonjwa au kwa dawa. Kosa kubwa linalofanyika hapa ni kumwongezea kidonge ili atulie. Dawa ya usingizi huweza kuwa ndiyo iliyomfikisha hapo, na kuongeza ni kummwagia petroli. Daktari wa zamu aitwe atafute chanzo: homa, sukari kushuka, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, upungufu wa hewa, choo kilichofunga kwa siku tano. Wakati huo ndugu anayemfahamu akae karibu, awashe taa ndogo, amwambie kwa sauti ya kawaida mahali alipo na kwamba hayuko peke yake.

Akianguka

Usimwinue mara moja, hata kama yeye mwenyewe anataka kunyanyuka kwa aibu. Mwache palepale, mfunike, ita msaada. Muuguzi aangalie fahamu, pumzi, mapigo, presha na sukari, kisha shingo, kichwa na nyonga. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umepinda nje, huenda nyonga imevunjika, na mgonjwa asisimamishwe kabisa.

Kichwa ndicho kinachodanganya. Mgonjwa aliyegonga kichwa na ambaye alikuwa amemeza kidonge husinzia, na ni rahisi mno kusema, "Ni dawa hiyo, mwacheni alale." Huenda ni damu inavuja ndani ya fuvu. Usingizi wowote baada ya kugonga kichwa uchukuliwe kuwa ni wa jeraha mpaka daktari athibitishe vinginevyo, na tahadhari iongezwe kwa anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa aamshwe na kukaguliwa kila nusu saa kwa saa za mwanzo, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari: je, anafumbua macho, anajibu kwa maana, mboni zote mbili ziko sawa, mikono yote ina nguvu? Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au akiwa mgumu kuamka kuliko awali, ni dharura.

Tukio liandikwe kwenye jalada kwa saa, mahali, dawa iliyotolewa na saa iliyotolewa, bila kuficha chochote kwa hofu ya kulaumiwa. Ndugu waelezwe ukweli asubuhi hiyo. Na kidonge kinachofuata kisitolewe usiku wa pili mpaka daktari amekiangalia upya.

Siku ya kuruhusiwa

Soma orodha ya dawa za kwenda nazo nyumbani. Ikiwa kidonge cha usingizi kimo, uliza kimeandikwa kwa nini na mwisho wake ni lini. Aliyekinywa kwa siku mbili tatu wodini kwa kawaida hahitaji kuondoka nacho. Aliyekuwa akikitumia kwa miezi tangu nyumbani asikikatize ghafla, kwa kuwa kuachishwa diazepamu kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege. Daktari ampangie kupunguza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Na usiku wake wa kwanza nyumbani, alikoacha choo kiko nje ya nyumba na njia ina mawe, awekewe ndoo yenye mfuniko ndani, taa karibu na kichwa, na mtu mmoja wa familia alale chumba kimoja naye.